Pindo la Vidole Vinne

Suruali nyeusi ninayo moja tu, ile ya mahafali. Asubuhi ya usaili nikaivaa, ikaishia juu ya vifundo. Dada akaweka kikombe chini asijimwagie chai.

"Twiga, unavuka mto?"

Sikucheka. Kazi yenyewe ni ya mapokezi hotelini, na aliyenipigia simu alisema kabisa: ukija hovyohovyo, mlinzi anakugeuzia getini. Suruali nyingine niliyonayo ni jinzi, nayo ina tundu. Ya baba tungeingia wawili.

"Vua," mama akasema. Mama ni fundi cherehani; sebule yetu nusu makochi, nusu vitambaa. Nikabaki na taulo. Akageuza suruali, akashika wembe, akaanza kufumua pindo. Ndani alikuwa amekunja kitambaa cha vidole vinne.

Kwa mapindo hayo nimemsumbua tangu nasoma, eti mazito, eti wenzangu wanavaa membamba. Yeye ananijibu kwa ule msemo wake wa akiba. Siurudii hapa, kila mtu kaukariri. Shuleni tuliambiwa unahusu pesa za benki.

"Benki wapi," mama akasema. "Ule umezaliwa kwenye meza ya fundi nguo. Bibi aliyenifunza kazi alikuwa anausema kila akishika mkasi. Mtoto anarefuka, kitambaa hakirefuki, kwa hiyo unamfichia cha kesho humohumo ndani."

Baba, yeye seremala, alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Akaacha.

"Mama Twiga, usituibie. Huo ni wa maseremala. Ubao ukiuacha mrefu utaupunguza. Ukiukata mfupi, utauvuta?"

"Kwani kitambaa kinavutika?"

"Sasa nani alianza, mbao au nguo?"

"Ulitaka watu wachonge viti wakiwa uchi?"

Dada akaangukia kochi kwa kicheko.

"Jamani," nikasema, "saa inakwenda."

Pindo likafunguka, na hapo nikaona: mkunjo wa zamani umeacha mstari mweupe, kama umechorwa kwa chaki. Kwa mbali ungeuona. Mama hakushtuka. Akatia siki kwenye maji, akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya mstari, akakandamiza pasi. Mvuke ukapanda, sebule nzima siki. Alipoinua, mstari hakuna. Akashona pindo jipya, jembamba.

"Chini ni nyeusi zaidi kuliko juu," nikalalamika.

"Nyoosha mgongo, watakutazama usoni. Vaa uende."

Getini mlinzi alinikagua kuanzia kichwani, polepole, hadi kwenye viatu. Nikanyoosha mgongo.

"Ingia. Mlango wa kushoto."

Nilipotoka nikakaa ukingoni mwa barabara, nikapumua kwanza, kisha nikapiga nyumbani. Cherehani ilikuwa inanguruma nyuma ya sauti ya mama.

"Mama, nimekaa hapa barabarani. Jumatatu naanza."

Cherehani ikanyamaza. Nikamsikia anashusha pumzi ndefu, kama aliyetua ndoo.

"Ahsante Mungu," akasema. Halafu, "Haya inuka hapo ulipokaa, utaichafua suruali."