Koo la Baba na Bodi Yangu

Mie sipendi kukosolewa, hasa na mtu ambaye hajawahi kushika hata bisibisi. Kwa hiyo Mzee Mwishehe, mwenyekiti wa kamati ya msikiti wetu hapa Mtoni, aliposema sauti ya baba yangu imekwisha, nilimjibu moyoni tu, kwa kuheshimu umri wake. Baba, Mzee Mwinjuma, ameadhini miaka thelathini na moja. Kamati ilimpa hadi Ijumaa. Baada ya hapo Suhaib, mwalimu wa madrasa, angeshika nafasi.

"Sauti inakwaruza, Mwinjuma," Mzee Mwishehe alimwambia baba. "Watu wanaona haya kukueleza."

Baba akaamini. Ikawa tangawizi na asali kila asubuhi, na mchana kutwa hasemi, eti anatunza koo. Iliniuma kumwona anaomba chumvi kwa kidole.

Sasa niseme jambo nililokuwa nalikwepa. Miezi mitatu nyuma nilitengeneza sanduku la msikiti kwa mikono yangu: amplifaya ya maiki, pamoja na saa ya namba kubwa nyekundu za nyakati za swala, vyote kwenye bodi moja ya umeme. Watu walinisifu, kichwa kikavimba. Na baba alianza kukwaruza miezi mitatu nyuma. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeipiga. Mie sikuipiga.

Alhamisi alasiri wakamjaribu Suhaib. Nilikuwa barazani kwetu, ng'ambo ya msikiti, nachambua mchele huku nimenuna. Aliadhini vizuri, siwezi kumdhulumu. Katikati akanyamaza avute pumzi. Spika zikaendelea kukwaruza, krr, krr, krr, na hakuna anayesema.

Koo la nani hilo?

Mchele niliuacha hapo hapo. Waliposwali nikawaomba wanitolee sanduku, nikalifungua uani.

Kila bodi ina graundi, shaba iliyotandazwa chini yake ili umeme upate njia ya kurudi ulikotoka. Chuoni, nilikosomea ufundi huu, tuliambiwa tuitenge: huku sauti, kule namba. Basi nikaikata katikati, nikaacha kidaraja kimoja tu kwenye kona, jirani na maiki. Halafu, kwa ujuaji wangu, nikapitisha nyaya za namba juu ya ule mkato. Umeme ukienda lazima urudi, na hupenda kurudi chini kwa chini, sambamba na waya ule ule ulioupitia. Ukikuta shaba imekatwa, unazunguka. Ni kama jirani kaziba uchochoro kwa ukuta: mtaa mzima utapita uani kwako na ndoo zao. Kila namba zilipowaka, umeme wake ulipita kwa maiki, na spika zikakwaruza.

Nikaziba mkato kwa vipande vya shaba na solda, nikahamisha nyaya za namba zibaki upande wao. Wakalirudisha msikitini, wakaliwasha. Kimya.

"Baba," nikamwambia, "haikuwa koo lako. Ni bodi yangu. Nisamehe."

Akauliza, "Mwishehe umemwambia?"

"Naenda sasa hivi."

"Nenda. Usimfiche kitu."

Nikaenda, nikasema yote, na aibu yangu nikaimeza.

Magharibi baba akaadhini. Sauti ikatoka safi, na ndipo nikaisikia. Pale panapopanda ilitetemeka. Mwishoni pumzi ilimwishia kabla ya neno. Ulikuwa uzee mtupu, na mkwaruzo wangu ndio uliokuwa umeuficha. Nilitamani niukate tena ule mkato, nasema kweli.

Baada ya swala Mzee Mwishehe akamsubiri baba mlangoni, nami nipo hapo nje. "Tulikukosea, Mwinjuma. Endelea tu." Alisema huku anatazama chini.

Baba alikuwa anatafuta ndala zake kwa mguu. "Leo nimeisikia sauti yangu mwenyewe," akasema. "Kesho ataadhini Suhaib. Ila muandike kwamba nimempa mie, hamkuninyang'anya."

Mzee Mwishehe akasema wataandika. Mie nililia hadi nyumbani.