Picha ya Mkia

Filamu ya picha thelathini na sita haikuishia thelathini na sita. Mpiga picha mwenye mkono mwepesi, akiipachika bila kupoteza utepe, aliambulia ya thelathini na saba, na siku ya bahati hata ya thelathini na nane. Hizo ziliitwa picha za mkia. Hakuna mteja aliyezilipia, kwa hiyo zilikuwa mali ya mpiga picha. Wengi walizimaliza kwa kupiga ukuta au mbwa aliyelala, ili filamu iishe wakaisafishe. Navalayo hakuwa na upuuzi huo.

Mwaka wa 1996 alikuwa na miaka thelathini na mmoja, kamera moja, baiskeli moja nyeusi ya kiume, na maringo ya kutosha kata nzima. Alikaa Amalemba, mjini Kakamega. Jumatano alikuwa Navakholo, Alhamisi Matungu, Ijumaa Ekero, mvua inyeshe isinyeshe. Huko kote walimwita "yule mama wa baiskeli," kana kwamba kamera iliyoning'inia kifuani ilikuwa ni shanga tu. Jambo hilo lilimuudhi kuliko matope.

Wateja wake walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: mtu hapigwi picha jinsi alivyo. Sharti koti liazimwe kwa shemeji, redio iwekwe mapajani, maua ya plastiki yasimame mezani, na mdomo ufungwe. Mtu aliyekuwa akicheka hadi machozi dakika moja iliyopita alikauka kama gogo mara tu alipoona kamera inainuliwa. Navalayo aliwapa walichotaka, na aliwapa vizuri, maana hakuna aliyejua kunyoosha kola ya mtu kama yeye. Lakini picha ya mkia ilikuwa yake. Hapo alimpiga mwanamke akipuliza moto huku jicho moja limefumbwa, au mkata miwa aliyeketi juu ya mzigo wake akitoa mwiba mguuni. Picha hizo alizihifadhi kwenye mkebe wa biskuti na hakumwonyesha mtu. Wangesema anawaaibisha.

Kituo chake cha Ekero kilikuwa mkahawa wa Mzee Mahmoud. Palikuwa na mabenchi mawili, jiko la makaa, dele la shaba la kupikia kahawa, lililopauka mpini, na vikombe vidogo visivyo na masikio. Kahawa ilikuwa chungu, ya tangawizi, na kando yake kashata za njugu za kupoza ulimi. Navalayo alikuwa amekunywa chai katika hoteli zote za njia zile, lakini mahali pa kunyoosha miguu na kujiona mtu palikuwa pale tu.

Na si kahawa peke yake. Picha zikishasafishwa mjini, Mzee Mahmoud ndiye aliyezihifadhi katika boksi la viatu chini ya meza, na watu wa Ekero na Matungu wakaja kuzichukua hapo. Mwanzoni wanaume walinung'unika kuhusu mwanamke mwenye kamera, naye Mzee akaweka dele chini.

"Nyinyi mna kelele bure," alisema. "Mwanamke ameweza kukuzaa, atashindwa kukupiga picha?"

Waliokuwa na la kusema walilimeza pamoja na kahawa. Tangu siku hiyo Navalayo alijua wazi kwamba boksi lile ndilo kazi yake. Mzee Mahmoud akilifunga, Ekero imefungwa, na Matungu pia.

Basi mwezi wa nne Mzee akajaliwa kwenda Makka, wa kwanza katika ukoo wao. Asubuhi ya safari Navalayo alifika mapema, nguo zimelowa mvua, kwa sababu Swaumu, binti wa Mzee aliyekuwa akimsaidia mkahawani, alimwambia asikose hata sura moja. Jamaa walikuwa wamejaa uani wakibadilishana viatu na kofia. Gari lilikuwa linapiga honi. Na Mzee mwenyewe alikuwa wapi? Jikoni, katika vesti na kikoi, akipika kahawa ya wateja wa siku hiyo.

"Baba, vaa kanzu, gari litakuacha!" Swaumu alimwambia, kanzu imetandazwa mikononi.

"Ngoja. Haijaiva."

Mzee akachota kidogo na kijiko, akaonja, akafumba macho. Navalayo alikuwa na picha moja ya mkia iliyobaki katika filamu ya jana. Akaipiga hiyo hapo hapo, akatoa filamu ile, akatia mpya. Aliitia haraka mno, vidole vimelowa na honi inamchanganya. Kila unapovuta filamu, kigurudumu kidogo cha kushoto juu ya kamera sharti kizunguke, na kisipozunguka unapiga hewa. Alikuwa akikitazama siku zote. Siku hiyo hakukitazama.

Alipiga ukoo mzima. Alimpiga Mzee katika kanzu nyeupe iliyonyooshwa, na wajukuu mbele yake kwa kimo chao. Alimpiga akiwa na imamu, akiwa na majirani, akiwa mlangoni mwa gari mkono juu. Thelathini na sita zikafika, akavuta, ikakubali. Thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na tisa ikakubali. Gari lilikuwa limekwisha kata kona. Hapo akakikumbuka kigurudumu.

Chumbani kwake Amalemba alifungua kamera, na ulimi wa filamu, ile ncha ya kupachika, ukamtazama pale pale alipouweka. Haukuwa umesogea hata kidole. Ukiacha ile ya jikoni, siku ile yote, wazee kwa watoto, hakuwa amepiga mtu.

Wapiga picha walikuwa na uongo wao wa siku kama hiyo, na kila mmoja aliujua: zimeungua kule zinakosafishwa. Ulikuwa uongo mzuri, kwa sababu hakuna mteja angepanda gari hadi mjini kuuliza. Navalayo aliurudia siku nzima akifua, akauona unakaa vizuri mdomoni. Kisha akakumbuka Mzee akiweka dele chini ili amtetee, akaona haya. Kazi aliiharibu mwenyewe. Kama alikuwa akijisifia picha nzuri, basi hata mbaya zilikuwa zake.

Ijumaa iliyofuata aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa mkahawa na hakuketi.

"Asalaam aleikum, Swaumu."

"Waleikum salaam. Umeleta?"

"Sijaleta. Hakuna. Filamu haikushika, na kosa ni langu. Sikuangalia."

Swaumu alimtazama kana kwamba amezungumza Kichina. "Hakuna hata moja?"

"Ya siku ile iko moja tu. Nilimpiga jikoni kabla hajavaa." Akaitoa ndani ya bahasha.

Swaumu aliishika kwa ncha za vidole. "Baba yangu na vesti! Watu watoke Mumias mpaka Matungu wakuje kumuaga, halafu hii ndiyo nibaki nayo? Navalayo, umenivunja."

"Najua, dada."

"Baba akirudi utamwambia kwa mdomo wako. Mimi sisemi kitu." Akaitupa picha ile ndani ya boksi la viatu, chini kabisa, akaanza kusugua vikombe vilivyokuwa safi.

Navalayo alirudi mjini bila kuonja kahawa. Alilia njiani, kilio cha hasira zaidi ya huzuni, na hakuona haya maana mvua ilikuwa inamsaidia. Alijiona amekwisha.

Lakini boksi lile halikuwa sanduku la benki. Kila aliyetafuta picha yake alipekua za wenzake pia, akazisifu, akazicheka, ndiyo starehe yenyewe. Jumanne, Osundwa fundi wa baiskeli alipeleka mkono hadi chini, akaibuka na Mzee Mahmoud katika vesti, kijiko mdomoni, macho yamefumbwa, na nyuma yake Swaumu ameshika kanzu kama anayemsubiri mtoto atoke kuoga.

"Wee! Huyu sasa ndiye Mahmoud wetu!" alipiga kelele. "Hivi ndivyo anaonjanga!"

Picha ikazunguka benchi hadi benchi. Mmoja akasema mkono wa kushoto uko kiunoni, kweli hivyo ndivyo anavyouwekanga. Mwingine akasema tangu Mzee aondoke kahawa imekuwa maji tu, na Swaumu akamwambia akanywe mtoni. Lakini aliichukua picha, akaitazama kwa muda, na jioni hiyo akaipigilia ukutani juu ya jiko. Ijumaa Navalayo alipoiona pale alidhani macho yake yamevurugika. Swaumu alimsukumia kikombe. Msamaha bado haukuwamo, ila kahawa ilikuwamo.

Mwezi wa tano ulipokuwa ukiisha, Mzee alirudi akiwa Al-Haji Mahmoud. Amepungua mwili, kofia mpya, na uso umejaa nuru ya mtu aliyefika. Mkahawa ulifurika hadi barabarani. Aliingia, akasalimia, akageukia jiko lake, na hapo akakutana na mwenyewe ukutani.

Mzee alisogea karibu.

"Nani amenitundika na vesti?"

Navalayo akaweka kikombe chini. Alisimama mbele ya watu wote. "Ni mimi niliyepiga, Mzee, kwa picha ya mkia, ile inayozidi ya mwisho. Za kanzu zote niliziharibu. Sikuangalia kama filamu imeshika. Naomba radhi. Kama utafunga boksi, sina ubishi."

Mzee alinyoosha mkono, akagusa pembe ya picha.

"Kule nilikaa hemani na watu wa kila mahali," alisema. "Kila mmoja anauliza, wewe kwenu unafanyanga nini? Nawaambia napikanga kahawa, mahali panaitwa Ekero. Wanaitikia tu. Sikuwa na la kuwaonyesha. Ya kanzu ningewaonyesha ya nini? Huko kila mtu yuko na nyeupe." Akacheka. "Hii ndiyo ningebeba. Miaka thelathini na nane naonja kahawa, na sijawahi kujua nafananaje. Mwanangu, boksi iko mahali pake."

"Asante, Mzee," Navalayo alisema.

"Lakini ile ya kanzu bado naitaka," Mzee aliongeza haraka, na watu wote wakaangua kicheko.

Wakatoka uani. Safari hii Navalayo alitia filamu mbele yao wote, polepole, akavuta, akawaonyesha kigurudumu kinavyozunguka, kama mwalimu na ubao. Hakuna aliyepiga honi. Alipiga ukoo, kofia, wajukuu, makoti ya kuazima na midomo iliyofungwa, hadi thelathini na sita.

"Mkia umebaki?" Mzee aliuliza. Neno lile alikuwa amelishika.

"Moja, Mzee."

"Leta kamera. Swaumu, shika hiyo. Mama, wewe kaa hapo."

Navalayo aliduwaa. Miaka tisa alikuwa akizunguka na kamera, na hakuwa na picha yake mwenyewe ila ya kitambulisho. Aliketi kwenye benchi lililotolewa uani, Mzee akamtilia kikombe. Sketi ilikuwa na matope hadi magotini. Mkono ukapanda kunyoosha kitambaa cha kichwa.

"Acha," Swaumu alisema nyuma ya kamera, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. "Kunywa tu."

Alikunywa. Ilikuwa moto, chungu, ya tangawizi, na kitufe kikalia.

Ijumaa iliyofuata aliileta ikiwa imesafishwa. Ilikuwa imepinda, na kitambaa cha kichwa kimekatwa juu. Kama angekuwa na mwanafunzi akafanya hivyo, angemfokea mchana kutwa. Aliitazama mara mia njiani, akisimamisha baiskeli kwa ajili hiyo, kisha akaipigilia mwenyewe ukutani kando ya ile ya Mzee.

Mgeni mmoja, dereva wa trekta la miwa, aliinua macho kutoka kwenye kikombe. "Huyu mama wa kikombe ni nani?"

Navalayo akafungua mdomo, lakini Osundwa alimtangulia.

"Huyo? Huyo ndiye mpiga picha wetu."