Tulivyomjibia Mwalimu Atuganile

1.

TANGAZO

Kwa: Walimu wote, Shule ya Msingi Nuru ya Mlimani
Kutoka: Bodi ya Shule
YAH: NAFASI YA MWALIMU MKUU

Nafasi ya Mwalimu Mkuu, ambayo kwa miaka mitatu imekaimiwa na Mwl. Atuganile Mwaisaka, sasa itajazwa rasmi. Waombaji wawili wamepita mchujo: Mwl. Atuganile mwenyewe, na Mwl. Gwamaka Kibona kutoka shule nyingine. Kabla ya usaili, kila mwombaji atafanya Kipimo cha Haiba kwa njia ya mtandao (maswali 40). Kipimo hufanywa mara moja tu kwa kila namba ya simu. Matokeo ya waombaji yataifikia Bodi moja kwa moja.

Asiyefanya kipimo atahesabika amejitoa.

2.

Mimi ni Ipyana. Nafundisha hisabati darasa la sita, na kwa kuwa ndimi pekee mwenye kompyuta mpakato hapa shuleni, naandika kila kitu: barua za likizo, fomu za bima, kumbukumbu za vikao. Vipande hivi nimevikusanya mimi. Msomaji, ukifika mahali ukaona najitetea, usinihurumie.

3.

Swali la 1 kati ya 40.

*Katika sherehe, huwa naanzisha mazungumzo na watu nisiowafahamu.*

1 (sikubali kabisa)   2   3   4   5 (nakubali kabisa)

4.

Ofisi ya walimu, saa nne asubuhi, chai na magimbi. Nje mvua, kama kawaida ya Tukuyu. Simu ya Atuganile iko mkononi mwangu. Mwenyewe amekaa karibu na jiko la mkaa, anamenya gimbi la moto huku akipuliza vidole.

— Sherehe gani hiyo? Harusi au kipaimara? (Huyo ni Mwalimu Lugano, wa michezo. Hawezi kunyamaza hata kwenye mtihani.)

— Hao asiowafahamu atawatoa wapi, mji huu huu? (Huyo ni Mwalimu Subilaga, mpishi wetu wa chai, anayejua siku ya kuzaliwa ya kila mtu.)

— Weka mbili.

— Weka tatu bwana, asionekane anajisikia.

— Mwalimu, unasemaje?

— Wekeni mnavyoona, akasema Atuganile, akacheka.

Nikabonyeza tatu.

5.

Lazima uelewe jinsi tunavyofanya kazi. Ofisini kwetu fomu ya mtu mmoja hujazwa na ofisi nzima. Lugano alipojaza fomu ya bima, Subilaga ndiye aliyemkumbusha mtoto wake wa pili alizaliwa mwaka gani. Mimi niliandikiwa barua yangu ya uchumba na watu wanne, nami nikiwa miongoni mwao. Hakuna aliyewahi kulalamika. Kwa hiyo kipimo kilipokuja, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba hii ni fomu ya aina nyingine.

6.

Swali la 9.

*Napenda kukaa peke yangu.*

— Peke yake wapi? Ana wakwe nyumbani, ana watoto mia tatu na ishirini hapa.

— Ukisema unapenda kukaa peke yako, watu watasema una jambo.

— Moja.

Moja.

7.

Swali la 14.

*Mimi hufanya maamuzi mazuri kuliko watu wengi ninaofanya nao kazi.*

Ofisi nzima ililipuka kwa kicheko.

— Hee! Hilo usiliguse, mama, alisema Subilaga. Wakubwa watalisoma.

— Moja! Lugano alipiga meza. Moja kabisa. Ukiweka tano umekwisha, utaambiwa una majivuno.

Atuganile alisema kitu. Alikisema kwa sauti ya chini, akiwa bado ameinamia gimbi lake, na kicheko kilikuwa kikubwa.

Mimi nilikuwa karibu naye. Nilisikia.

Alisema, "Nne."

Nikabonyeza

                        moja.

8.

Tulimsitiri.

Hilo ndilo neno tulilolitumia baadaye, na wakati ule lilikuwa la kweli. Mtu akikuuliza kama wewe ni bora, unasema wengine ndio bora, halafu wengine wanasema hapana, ni wewe. Ndivyo tulivyolelewa. Tulisahau kwamba kwenye simu hakuna mtu wa pili wa kusema hapana, ni wewe.

9.

HONGERA, ATUGANILE! WEWE NI: MSINDIKIZAJI.

*Huna haja ya kuongoza. Furaha yako ni kuwaona wengine wakifika. Ukipewa madaraka, huhangaika. Ukipewa mtu wa kumfuata, hung'aa. Epuka kazi zinazohitaji uamuzi wa haraka.*

*Asilimia 94 ya wanaosoma maelezo haya husema: "Ni mimi kabisa."*

10.

— Ni wewe huyo!

— Wamekupatia, mama. Kama wanakuona.

— Haya, alisema Atuganile.

Akaenda bombani kunawa. Alinawa kwa muda mrefu kuliko gimbi moja linavyohitaji, halafu akaingia darasa la pili kufundisha.

11.

(Sauti ya Kipimo)

Habari yako, wewe unayesoma. Mimi ndiye Kipimo.

Nimetengenezwa mbali, na watu wenye nia njema na haraka. Sioni uso. Sisikii chai ikimiminwa. Najua kidole tu: kidole kikibonyeza, nami napokea. Kama kidole ni chako au cha jirani yako, sijui. Kama umejibu ulivyo, au unavyotamani kuwa, au usivyotaka watu waseme, sijui. Nikishapokea arobaini najumlisha, nakuletea jina, na wewe unalivaa. Linakutosha karibu kila mara, kwa sababu mnalivaa mkiwa mmeshakubali.

Sikuwahi kuomba kuaminiwa hivi.

12.

Baadhi ya mambo aliyoyafanya Msindikizaji katika miaka mitatu ya kukaimu. (Hakuna swali hata moja kati ya arobaini lililoyauliza.)

– Alifunga darasa la kwanza siku ya Jumatatu kwa sababu hakupenda jinsi ukuta wa nyuma ulivyolowa. Wazazi walikuja kumgombeza. Jumanne udongo wa mlima ulikuwa umelala juu ya madawati, na ndani hamkuwa na mtoto.

– Alimwita ofisini mwalimu mmoja aliyekuwa akichelewa kila siku, akafunga mlango, akamweleza ukweli kwa dakika tano. Hakumtangaza. Mwalimu huyo ni mimi.

– Alikataa kuwarudisha nyumbani watoto wasio na sweta. Alitafuta sweta.

– Alikosea mara moja, kwenye ratiba ya mitihani, akasimama mbele ya wazazi akasema, "Nimekosea."

13.

(Atuganile alinisimulia mwenyewe. Naandika alivyosema.)

"Mume wangu Ambakisye ana laini yake. Nikamwomba simu, nikasema nataka kupiga picha za madaftari. Saa kumi, watoto walipotoka, nikakaa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yananigusa kidevu, nikaanza upya. Peke yangu. Saa nzima! Swali la kupenda kukaa peke yako lilinishinda. Sikuwa na ushahidi. Nilijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilikuwa peke yangu, nikagundua ni pale pale. Nikaona napenda. Nikaweka tano.

"Lile la maamuzi nikaweka nne. Ningeweza kuweka tano, lakini ile ratiba ya mitihani.

"Matokeo yakaja: MSIMAMIZI. *Wengine wanapoogopa, wewe unaamua. Watu hutulia ukiingia.* Nikasoma nikalia kidogo. Sikuwa na huzuni. Ni kama mtu amekuita kwa jina lako ugenini.

"Lakini juu yake kulikuwa kumeandikwa *Hongera, Ambakisye.*"

(Nilimuuliza kama aliyaamini matokeo hayo. "Nayapenda," alisema. "Sijui kama kupenda na kuamini ni kitu kimoja.")

14.

Karakana ya useremala, mchana wa siku iliyofuata. Ambakisye, mume wa Atuganile, anamweleza mteja aliyefuata kitanda:

"Soma mwenyewe, soma hapo. Msimamizi! Wengine wanapoogopa mimi naamua. Wamenipatia kabisa, yaani mpaka nimeshangaa. Sikujaza hata kitu, ujumbe umeingia tu, siku hizi mitandao inamjua mtu. Nimemsomea mke wangu jana, amecheka mpaka amekaa chini. Kwa furaha, nadhani. Kitanda? Kitanda njoo Ijumaa. Au Jumamosi. Sijaamua."

15.

Na mimi nilikifanya, kwa laini nne tofauti. Mara ya kwanza: Mbunifu. Nikasema, kweli. Mara ya pili: Mlezi. Kweli pia. Mara ya tatu: Mpiganaji, nikakunja ngumi nikiwa peke yangu. Mara ya nne nilibonyeza bila kusoma maswali. Nikapewa Mtafuta Amani, na maelezo yake yakanigusa kuliko yote matatu.

Msomaji, wewe ulipata nini? Usiniambie hujawahi.

16.

Barazani, baada ya gwaride la asubuhi, watoto wakiwa wameshaingia darasani. Mimi na yeye.

— Mwalimu, siku ile, swali la kumi na nne. Ulisema nne.

— Nilisema.

— Nilisikia.

— Najua ulisikia, Ipyana. Ulinitazama kwanza, ndipo ukabonyeza.

Nilitamani mvua inyeshe kwa nguvu zaidi nisijisikie.

— Mbona hukuninyang'anya simu?

— Watu wangenionaje? Nigombane na ofisi nzima kwa sababu ya kujisifu?

Akakaza kitenge chake.

— Nimechoka kukaimu, alisema. Kila barua naisaini "kwa niaba." Akija mwingine nitarudi darasa la pili, na nitafundisha vizuri, na mtanipigia makofi mwisho wa mwaka. Na itaniuma mpaka nistaafu.

— Niwaandikie Bodi? Niwaeleze kosa ni langu?

— Hapana. Umeniandikia ya kutosha.

17.

Kwa: Mwl. Ipyana
Kutoka: Bodi ya Shule

Matokeo ya Kipimo yamepokelewa kama ifuatavyo:
Mwl. Gwamaka Kibona: KIONGOZI WA ASILI
Mwl. Atuganile Mwaisaka: MSINDIKIZAJI

Usaili ni Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi. Tafadhali fika na kompyuta yako kwa ajili ya kuandika kumbukumbu.

18.

(Ofisini, Jumatano. Subilaga, akikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa.)

— Lakini sisi tulimtakia mema.

— Tulimtakia, alisema Lugano.

— Si ndiyo?

Lugano akachukua filimbi yake, akatoka.

19.

KUMBUKUMBU ZA USAILI WA NAFASI YA MWALIMU MKUU

19.1   Mwenyekiti, Mzee Mwakatobe, alifungua kikao kwa sala. Wajumbe wote watano walikuwepo.

19.2   Mwl. Gwamaka Kibona aliingia. Alipoulizwa kama anaihitaji nafasi hii, alieleza kuwa yuko tayari kutumikia popote Bodi itakapoona inafaa. Bodi ilimshukuru. Alitoka.

19.3   Mwl. Atuganile Mwaisaka aliingia. Mwenyekiti alimsomea matokeo ya Kipimo, kisha akamuuliza kama anayaona ni ya kweli.

Msailiwa alisogeza kiti chake mbele.

Kuanzia hapa kumbukumbu haziwezi kuandikwa kwa lugha ya kumbukumbu, kwa hiyo niruhusu.

— Mzee, alisema, hayo ni majibu ya watu wanaonipenda.

Wajumbe wakatazamana. Mzee Mwakatobe akavua miwani. Si mtu mbaya, mzee huyu. Ndiye mchungaji aliyembatiza mwanangu.

— Sasa ya kwako ni yapi?

— Ya kwangu sijaulizwa.

— Basi tunakuuliza, binti yangu. Uko tayari kutumikia?

Msomaji, hapa ndipo kila mtu anajua la kujibu. Unainamisha kichwa, unasema mkiona inafaa. Nimeandika kumbukumbu za vikao kwa miaka minane na sijawahi kuandika jibu jingine. Nilikuwa nimeshaanza kulichapa.

— Mzee, alisema Atuganile, mimi naitaka hii kazi. Nimeifanya miaka mitatu. Naiweza, na naitaka.

Mjumbe mmoja, mama mwenye kitambaa cha bluu, aliweka kalamu chini. Mwingine alikohoa.

Mzee Mwakatobe alinigeukia, akaongea taratibu, kwa huruma kabisa.

— Mwandishi, andika hivi: msailiwa alieleza kuwa yuko tayari kutumikia.

Alikuwa anamsitiri. Nilimwelewa. Vidole vyangu navyo vilimwelewa, vilikuwa vimeshafika kwenye "alieleza."

Nilisimamisha vidole.

— Samahani, Mzee. Sikumsikia akisema hivyo.

— Alisemaje?

Nikafuta. Nikachapa. Nikasoma kwa sauti nilichochapa: *Msailiwa alisema: Naitaka hii kazi. Naiweza, na naitaka.* Sauti yangu ilipanda kwenye neno la mwisho kama ya mwanafunzi anayesoma mbele ya darasa.

Mzee akamgeukia.

— Mwalimu, hili litabaki kwenye jalada. Tuliache hivyo?

Atuganile hakunitazama mimi, wala hakutazama chini.

— Liacheni hivyo hivyo, alisema.

19.4   Uamuzi wa Bodi: (hadi naandika haya, haujatolewa)