Wavu Ulioshikizwa

Mama mkwe aliingia katika nyumba ile ya ghorofa ya nne akiwa na mkoba mkubwa ulioharibika zipu, sahani ya bati yenye ua jekundu katikati, na paka. Paka alimbeba mikononi mwake. Mkoba aliutua juu ya meza ya kukatia vitambaa, juu kabisa ya gauni la mteja, akamwambia mke wa mwanawe, "Fundi, nitengenezee zipu hiyo. Sikai sana hapa."

Wateja walimwita Fundi, mumewe alimwita Fundi, na mama mkwe naye hakuona sababu ya kutafuta jina jingine. Fundi alinyanyua mkoba, akalinusuru gauni, akasema, "Sawa, Mama."

Mama mkwe hakuja kwa hiari yake. Alikuwa ameanguka jikoni kwake kwa sababu ya joto, peke yake, madirisha wazi na maji hajanywa tangu asubuhi. Mwanawe, ambaye ni fundi bomba, alipita tu kumwangalia akiwa njiani kwenda kazini, akamkuta sakafuni. Paka alikuwa amekaa kando ya kichwa chake, analia. Mgonjwa alipopata nafuu alikubali kuhama kwa shingo upande, na akatoa sharti lake mbele ya watu: "Paka wangu akipatwa na jambo huko juu, siku hiyohiyo nafunga mzigo narudi kwangu." Kila mtu alijua maana ya kurudi kwake. Safari nyingine huenda asingepita mtu.

Basi usiku ule mume alimnong'oneza Fundi, "Ile zipu usiitengeneze."

"Kwa nini?"

"Mama hawezi kusafiri na mkoba unaomwaga nguo njiani."

Fundi alicheka, lakini tuseme ukweli, wiki ile ya kwanza alitamani kuitengeneza haraka sana. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, pasi moja ya kuchemka kutwa, na dirisha moja kubwa. Yeye akilifungua, mama mkwe anapita nyuma yake analifunga. Akitoka kwenda kunywa maji, akirudi limefungwa tena na komeo limekazwa. Jasho lilimtoka mpaka likadondokea kola za mashati.

"Mama, paka haanguki," alijaribu kumwelewesha. "Paka ana roho ngumu."

"Roho ngumu sawa. Mifupa je?" Mama mkwe hakuambilika. "Kwangu kulikuwa chini, dirisha lilikuwa mlango wake. Akiruka, anakanyaga ardhi. Hapa ataruka hivyohivyo, kwa sababu hajui kuhesabu ghorofa. Na akiona ndege, haangalii tena miguu yake."

Paka mwenyewe aliitwa Karani, kwa tabia yake ya kukaa dirishani akiwakagua wapita njia kana kwamba kila mmoja ana faili mezani kwake. Alikuwa mnene, wa kijivu, na hakuwa na haraka na lolote isipokuwa chakula.

Kwanza Fundi alitundika kitambaa cha chandarua dirishani, amekishona vizuri kwa ukanda wa mpira pembeni. Karani alikipanda kama ngazi. Kufikia jioni kilikuwa matambara matupu. Ndipo mume alipoleta wavu mnene wa nailoni na vipande vya mbao, akapigilia mbao kuzunguka kila dirisha, na Fundi akaushona wavu kwenye mbao hizo kupitia ukanda wa turubai, kwa uzi ule mnene wa kushonea mikoba. Mama mkwe alipita dirisha hadi dirisha akivuta na kusukuma. Aliporidhika alisema, "Haya, fungueni." Upepo ukaingia, na nyumba ikapata amani. Watu wakaanza hata kutaniana mezani.

Sasa, mafundi cherehani wana desturi yao. Kabla ya kushona, wanashikiza: mishono mirefu ya harakaharaka, uzi mwembamba mweupe, kazi ya kushikilia kitambaa tu mpaka mshono wenyewe upite. Nguo iliyoshikizwa ukiitazama kwa mbali utadhani imekwisha. Fundi alikuwa akishikiza kila kitu maishani. Kitasa kilicholegea alikishikiza kwa kamba, ahadi kwa mteja aliishikiza kwa tabasamu, akijua kesho atarudi kushona. Mara nyingi alirudi kweli.

Wiki ya joto kali kuliko zote alikuwa na mashati meupe ya wahudumu wa hoteli. Vumbi la kwenye kizingiti cha dirisha lilikuwa likipeperuka na kutua juu ya kola. Akafumua upande wa chini wa wavu, akapitisha mkono, akafuta kizingiti mpaka kikang'aa. Halafu akaushikiza wavu kwa uzi mweupe uliokuwa tayari kwenye sindano. Kesho nitashona, alijiambia. Kesho yake ikaja na vifungo, na mikono ya mashati, na simu za hoteli, na wavu ukasahaulika.

Mchana mmoja mama mkwe alitoka jikoni na sahani yake ya bati. Kila siku alimlisha Karani kwa namna ileile aliyomlishia kwake: anasimama dirishani, anagonga sahani kwa kijiko, na paka popote alipo anakuja mbio na kuruka juu ya kizingiti. Hapa alikuwa akigongea jikoni, ambako dirisha ni dogo na liko juu. Lakini siku ile jikoni kulikuwa hakukaliki. Akaja kwenye chumba cha kazi penye upepo, akasimama kando ya dirisha, akagonga.

Fundi alikuwa amewapa mgongo, anapiga pasi. Alisikia kucha za Karani sakafuni, kisha kishindo, kisha sauti ndogo za uzi kukatika mfululizo. Sahani ikaanguka. Mama mkwe akapiga ukelele ambao Fundi hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

Alipogeuka, wavu ulikuwa umefunguka chini kama pazia, na paka hayupo.

Alitoa kichwa nje akiwa na roho mkononi. Karani hakuwa chini barabarani. Ukucha wa mguu wake wa mbele ulikuwa umenasa kwenye wavu, wavu ukamrusha pembeni, akatua kwenye ukingo wa zege unaopita chini ya madirisha. Ukingo wenyewe haukuzidi upana wa kiganja. Kwa hofu alikimbilia mbele, na sasa alikuwa amejibana ukutani katikati ya dirisha lao na la jirani, mkia umevimba, hasogei.

Fundi alirudisha kichwa ndani. Uzi mweupe ulikuwa unaning'inia kwenye turubai. Aliutambua hata kabla ya kuugusa.

Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni katikati ya wali uliomwagika. "Nimemuua mwenyewe," alisema. "Nimemwita mwenyewe kwa mkono wangu."

"Hajafa, Mama. Yuko kwenye ukingo."

Wakati anasema hivyo, mkono wa Fundi uliuchomoa ule uzi na kuuingiza mfukoni. Tusimpake mafuta: aliona kwamba hakuna mtu mwingine aliyeuona, na akauficha.

Mama mkwe aliinuka, akaokota sahani na kijiko, akaenda dirishani kumwita. Fundi alimdaka mkono.

"Usigonge! Ametupa mgongo. Ukimwita huku atageuka, na pale hapageuziki."

Kama kuna jambo gumu mama yule alilifanya mwaka ule, ni kutogonga. Alikibana kijiko kifuani kwa mikono miwili, kisije kikagusa bati.

Jirani wa upande ule alikuwa nesi wa zamu ya usiku, mtu wa kulala mchana. Hakuwa na mapenzi na nyumba ile, kwa sababu cherehani zilimkatia usingizi, na alikuwa ameshakuja kulalamika kwa maneno yasiyo na sukari. Fundi aligonga mlango wake hivyohivyo, mama mkwe nyuma yake. Nesi alifungua, macho mekundu, nywele upande mmoja.

"Leo cherehani zimeamua kunifuata mpaka mlangoni?"

"Dada, nisamehe. Paka wa mama mkwe yuko nje ya dirisha lako."

Nesi aliwatazama wote wawili, akamwona yule mama na sahani yake, akawapisha.

Walifungua kioo taratibu, kikiteleza bila kulia. Nesi alichukua kipande cha kuku kutoka kwenye chakula chake cha kazini, akakiweka kwenye sahani. Fundi akamwambia mama mkwe asimame ndani kabisa, karibu na kitanda, mbali na dirisha. "Sasa mwite. Polepole."

Mara ya kwanza kijiko kiliikosa sahani. Mara ya pili kikagusa, ti. Kisha ti, ti, kama siku zote.

Kwanza ilitokea pua, halafu kichwa kizima cha kijivu. Karani alichungulia chumba asichokijua, akamwona mwenye sahani, akarukia ndani. Nesi akakifunga kioo nyuma yake, na ndipo watu watatu wakapumua. Paka alikula kuku akiwa ametulia tuli, damu kidogo ikitoka kwenye ukucha.

"Mpelekeni kwa daktari wa mifugo hata kama anatembea," Nesi alisema akimpapasa kidevu. "Wa shangazi yangu alianguka, akatembea vizuri siku nzima, kumbe taya limevunjika." Kisha akapiga mwayo. "Na cherehani leo zipumzike."

Daktari hakukuta kilichovunjika. Waliporudi nyumbani, mama mkwe alikaa kwenye kiti cha wateja, paka mapajani.

"Nitaondoka," alisema. "Hamjanikosea. Ni huu mkono wangu. Umezoea nyumba ya chini, utamwita tena vilevile, na safari ijayo ukingo hautamdaka."

Fundi angeweza kunyamaza. Dirisha lingekuwa lake, chumba kingekuwa chake, na lawama ingeondoka na mkoba. Lakini alimwona yule mama akiutazama mkono wake kama mwizi aliyeingia nyumbani, akashindwa. Alitia mkono mfukoni.

"Mama, si mkono wako. Mimi nilifumua wavu nikafuta vumbi, nikaushikiza kwa uzi huu. Nikasahau kuushona."

Mama mkwe aliuchukua uzi. "Umejua saa ngapi?"

"Ulipopiga kelele."

"Ukakaa kimya mpaka sasa."

"Nilikaa kimya. Niliogopa."

Mama mkwe aliuvuta uzi kwa vidole viwili, ukakatika bila shida. Akampa vipande vyote viwili, akaingia chumbani kwake na paka, akafunga mlango. Fundi alisikia kabati likifunguliwa na hanga za nguo zikigongana. Alilia kidogo, akajipangusa kwa shati la hoteli, ikabidi alifue upya.

Jioni mume alirudi na wavu wa chuma, skrubu na keekee ya umeme ya kutobolea ukuta. Fundi alikuwa amemweleza yote kwa simu. Alipomaliza dirisha kubwa, mama mkwe alitoka, akauegemea ule wavu kwa bega, kisha kwa uzito wake wote. Fundi alimshika gauni kwa nyuma.

"Niachie," alisema. "Ukinishika nitajuaje?"

Fundi akamwachia. Wavu haukutikisika. Mama mkwe alirudi chumbani kwake.

Asubuhi Fundi alichagua zipu nzito ya chuma, bora kuliko zote alizokuwa nazo. Kama ni kuondoka, aondoke na mkoba mzima. Hiyo angalau aishone kweli. Aligonga, akaingia.

Mkoba ulikuwa sakafuni kando ya kitanda, mdomo wazi. Nguo zote zilikuwa kabatini, zimetundikwa. Ndani ya mkoba Karani alikuwa amelala fofofo, kidevu kwenye ukingo, mguu wenye bendeji umening'inia nje.

"Nimeleta zipu, Mama."

Mama mkwe alikuwa anakunja kanga, hakugeuka. "Ya nini?" alisema. "Ukiitia, paka atalala wapi?"