Mlio wa Pampu Mengo

Sylvanus Oyugi alinunua pampu ya maji ya mtumba mwaka 2009, kwa sababu maji ya bomba huko Mengo, Kampala, yalikuwa yakija kwa unyonge. Yalifika kwenye tangi la chini, basi; kupanda kwenye tangi la juu yakakataa. Nyumba yenyewe ilikuwa moja iliyogawanywa sehemu mbili kwa ukuta. Upande mmoja aliishi yeye, mtu wa Kisumu aliyekuja Kampala mwaka 1993 na tangu hapo alikuwa akikata na kuchomelea mageti katika mtaa wa Katwe. Upande wa pili aliishi Perpétue, mjane kutoka Bukavu, fundi cherehani aliyeshonea nyumbani. Tangi la chini lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na dirisha la chumba alichoshonea, na pampu ikawekwa hapo hapo juu ya zege.

Siku ya tatu Perpétue alibisha hodi. Alimsalimia, akamuuliza habari za mke wake aliyebaki Kisumu, kisha akasema kwamba mashine ile ilikuwa inamsumbua kichwa. Oyugi hakubishana. Yeye mwenyewe alisikia jinsi ilivyonguruma hadi vikombe vikagongana kabatini. Aliona haya, akaahidi kuirekebisha.

Jumamosi alimleta Okeny, Mwacholi aliyekuwa na banda la kuchomelea jirani na lake, ambaye pia alijua mambo ya mota. Okeny aliona mara moja kwamba pampu ilikuwa imefungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye zege, bila kitu chochote katikati. Alikata vipande vinne vya tairi kuukuu akavitandika chini yake. Bomba la chuma lililotoka kwenye pampu alilikata, akaunganisha mpira mnene ili mtikisiko usisafiri hadi ukutani. Kila mahali bomba liliposhikwa na ukuta alilivisha raba. Walipowasha, wakasimama kusikiliza.

"Kimya," Okeny akasema.

Hata vikombe vilikuwa vimetulia. Oyugi alifurahi kama mtu aliyelipa deni la muda mrefu.

Jumatatu Perpétue alirudi. Alishukuru kwamba ukuta hautikisiki tena, lakini kelele, alisema, bado iko. Oyugi alidhani anasema ule mvumo mdogo uliobaki. Akaunda sanduku la mbao, akalibandika godoro kuukuu ndani, akaacha matundu ili mota ipate hewa, akaifunika pampu. Baada ya siku mbili mama yule akaja tena. Imepungua, alisema, lakini iko.

"Sauti gani, Mama Annick?" Oyugi aliuliza. Annick alikuwa binti wa Perpétue, aliyeolewa Goma.

"Ile nyembamba. Kama sindano inaingia sikioni."

Oyugi aliingia kwenye chumba cha kushonea, pampu ikiwa inafanya kazi. Alisimama katikati ya vitambaa akatega sikio. Alisikia bodaboda barabarani, akasikia redio ya mtu mbali. Zaidi ya hapo, hakuna. Perpétue alimtazama kwa mshangao.

"Iko inalia sasa hivi, papa," alisema.

Oyugi akaamua kumpima. Alimwomba afumbe macho, asije akaona taa ikififia pampu inapowaka. Akatoka nje, akazima, akarudi kuuliza. Perpétue akasema imezimwa. Akaenda tena, safari hii hakugusa kitu. Perpétue akasema bado imezimwa. Mara tano alikwenda na kurudi, na mara tano mama yule hakukosea. Oyugi alirudi kwake akakaa kitandani bila kuvua viatu. Kama angekosea hata mara moja, angejua la kufikiri. Sasa hakujua. Inawezekanaje mtu asikie kitu ambacho hakipo, na akisikie kwa wakati wake?

Okeny alipoitwa mara ya pili, naye alisimama dirishani, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu. Alisema labda mama yule hapendi tu pampu, na labda ana mtu anayemwashiria. Oyugi aliona maneno hayo hayana kichwa wala miguu, lakini hakuwa na mengine ya kushika. Kwa wiki nzima alijaza tangi asubuhi na jioni bila kumsalimia jirani yake, na kila alipompita uani alijisikia vibaya, asijue kama anamwonea au anaonewa.

Desemba mke wake, Vera, alikuja kwa basi la usiku. Alifika asubuhi, akatua mizigo jikoni, akanawa uso. Oyugi alikuwa amewasha pampu.

"Ni nini hicho kinapiga mluzi?" Vera aliuliza.

Oyugi alimtazama. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba Perpétue amemfundisha. Lakini Vera hakuwa hata amevuka uani, na wanawake wale wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Alimuuliza mluzi upi. Vera akaonyesha dirisha la nyuma. Alisema unauma masikio, na akashangaa anawezaje kuishi nao.

Kisha akamwangalia mumewe vizuri zaidi.

"Kwenye simu unanijibu vitu ambavyo sijauliza," alisema. "Miaka mingi sasa. Nilidhani unanidharau."

Oyugi alifungua mlango wa nyuma. Alitoka akasimama mbele ya pampu, akainama hadi sikio likakaribia sanduku. Alisikia mvumo mzito, wa chini. Mluzi hakuusikia.

Wiki ile Vera alimpeleka kwenye kliniki ya masikio. Muuguzi alimwingiza kwenye chumba kidogo kilichozibwa, akamvisha vipokea sauti masikioni, akampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Mlio wa kwanza ulikuja mzito, akabonyeza. Ukaja mwingine, akabonyeza. Halafu kukawa kimya. Alingoja, kidole kikiwa juu ya kitufe, akidhani mashine imekwama. Alingoja hadi mlango ukafunguliwa.

"Tumemaliza," muuguzi alisema.

Oyugi alimwambia bado anangoja milio iliyobaki. Muuguzi akamwonyesha karatasi. Milio yote ilikuwa imepigwa, mingine kwa nguvu sana. Alimweleza kwamba kelele za kukata chuma kwa miaka mingi huanza kula sauti nyembamba na kuacha nzito, ndiyo maana mtu haoni kama amepungukiwa. Kilichopotea hakirudi, alisema, lakini kilichobaki kinaweza kukingwa.

Oyugi alimweleza Okeny habari hiyo bandani, kwa sauti kubwa kama walivyozoea kuongea. Okeny alicheka, kisha akaacha kucheka. Jumamosi alikuja na beringi mpya, pete ya gololi inayobeba mhimili wa mota; ikichakaa, alisema, hupiga mluzi. Alifungua mota, akatoa ya zamani, akaizungusha kiganjani. Ilikuwa imekauka grisi na kulika upande mmoja. Safari hii hawakuwasha wenyewe tu. Oyugi alikwenda mlangoni kwa Perpétue, akamwomba msamaha kwa ile wiki ya kutosalimia, na akamwomba aje awe sikio lao.

Perpétue alisema alikuwa ameanza kufikiri kwamba ni yeye anayerukwa na akili. Akaja, akasimama kando ya tangi pamoja na Vera. Okeny akawasha. Kwa Oyugi hakikubadilika kitu. Mvumo ulikuwa ule ule wa jana. Aliwatazama wanawake usoni.

"Imeisha," Perpétue alisema, na Vera akaitikia kwa kichwa.

Ikabidi aamini. Wanawake waliingia ndani kunywa chai, nao wanaume wakabaki wakirudishia sanduku. Okeny alipanga vifaa vyake taratibu kuliko kawaida. Akiwa bado ameinama, aliuliza ile kliniki hufunguliwa siku zipi. Oyugi hakumsikia vizuri, akamwomba arudie.