Mstari wa Njano

Mlinzi wa mlangoni alimpa wifi yangu kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Nilimwambia Mungu amzidishie, akajibu kwamba hata yeye ana mama.

Wifi yangu alikuwa dada wa marehemu mume wangu. Mtaani walimwita Pilipili kwa ajili ya ulimi wake. Tangu mume wangu afariki tulikaa nyumba moja, vikongwe wawili, tukichokozana kuanzia chai ya asubuhi mpaka kulala. Siku hiyo aliamka amelowa jasho, kifua kimembana, mkono wa kushoto mzito. Hata hivyo alivaa viatu vyake vizuri na kujipaka mafuta.

"Nakwenda kuonana na daktari kijana," alisema. "Wewe utanibebea kikapu."

Mbele ya mlango wa kioo wa hospitali walikuwa wamechora mstari wa njano sakafuni. Ndani ya mstari ni ukumbi wa mapokezi, nje ni baraza la bati lenye mabenchi. Juu ya mlango kilitundikwa kibao kikubwa: HAPA HAKUNA MGONJWA ANAYESUBIRI ZAIDI YA SAA TATU. Nilikisoma kwa sauti, nikafurahi.

"Basi kufika saa tano tuko nyumbani," wifi alisema. "Nitawahi kufua."

Nyuma ya kioo viti vingi vilikuwa vitupu. Nilivihesabu kwa kukosa kazi, nikapata arobaini na viwili, na watu waliokaa hawakuzidi kumi. Barazani tulikuwa zaidi ya hamsini.

"Mbona hatuingii, baba?" nilimuuliza mlinzi.

"Saa inaanza kuhesabiwa ukivuka mstari, mama. Karani anakuandika, kompyuta inaanza. Kwa hiyo wanaingizwa wale tu ambao daktari ataweza kuwamaliza ndani ya saa tatu."

"Na sisi wa nje?"

"Wa nje hawajafika."

Pilipili alicheka mpaka akashika kifua. "Wifi, umesikia? Hatujafika. Na miguu inavyoniuma."

Saa mbili akatoka muuguzi, binti mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, ameshika vitambaa vya rangi. Ukifungwa chekundu unaingia papo hapo, cha njano unafuata, cha kijani unangoja. Alikuwa na adabu. Alipiga goti mbele ya wifi yangu ili asiongee naye kutoka juu, akamshika mkono.

"Shikamoo, bibi. Unajisikiaje?"

"Marahaba. Mimi mzima tu, mwanangu. Naona mgonjwa ni wewe."

Binti akacheka. Nadhani alikuwa na siku nyingi hajacheka.

"Maumivu yako, kuanzia moja mpaka kumi, ni ngapi?"

"Nimezaa watoto saba. Kumi naijua. Hii ni tatu."

Akamfunga cha kijani.

Nilitaka kusema. Alfajiri nilikuwa nimemsikia chumbani kwake akimwita mama yake, ambaye tulimzika sisi tukiwa wasichana. Haikuwa tatu. Lakini wifi alinibana kidole, na sisi tulilelewa kwamba mtu mzima hasemewi maumivu yake mbele za watu. Nikanyamaza. Muuguzi akavua sweta yake, akamfunika magoti, akaenda kwa mwingine.

Saa nne ikapita, na saa tano. Mfanya usafi alituletea maji kwa kikombe chake. Mwanamke wa benchi la nyuma alitupepea kwa kadi yake ya kliniki bila kuombwa. Sijawahi kukaa na watu wema kiasi kile.

"Subira huvuta heri," nilimwambia wifi.

"Basi iivute upesi, maana mimi inanivuta miguu."

Kufikia saa sita na nusu midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mlinzi aliinama akaninong'oneza.

"Mama, mvushe. Mimi nitageuka nitazame geti. Akishakanyaga ndani hawawezi kumtoa."

Nikamwinua wifi. Tulikuwa hatua saba kutoka kwenye mstari. Tulipopiga ya tatu, muuguzi alituona kupitia kioo, akatoka.

"Siwazuii, bibi," alisema, na kweli hakunyoosha mkono. "Mkitaka kuvuka, vukeni. Nawaambia tu ilivyo. Hospitali ikizidisha saa tatu, inanyang'anywa wauguzi, wanapelekwa kwenye hospitali zinazokwenda haraka. Tulikuwa tisa. Mwezi uliopita wagonjwa watatu walizidi, tumebaki sita. Sasa hivi foleni ya ndani iko karibu na saa tatu kamili. Akiingia atazidi, na Jumatatu tutakuwa watano."

"Ngoja nielewe," alisema Pilipili, pumzi inamkatika. "Mnachelewa kwa sababu mko wachache. Kwa hiyo wanawapunguza."

"Ndiyo, bibi."

"Aliyetunga hiyo hajawahi kupika. Chungu kikichelewa kuiva unatoa kuni?"

Muuguzi hakucheka mara hii. Machozi yalimlengalenga. Nilitazama viatu vyake, vimepasuka pembeni, amevishona kwa uzi wa hospitali. Huyu naye ni mtoto wa mtu, niliwaza.

"Nipeni nusu saa niwatafutie nafasi," alisema.

"Tutangoja, mwanangu," nilijibu. "Usijitie matatani kwa ajili yetu."

Nilisema mimi. Wifi hakuulizwa.

Tukarudi kwenye kiti, na mimi nikakaa kwenye benchi kando yake, kikapu miguuni. Aliniangalia kitambo.

"Una roho nzuri, wifi," alisema. "Tangu ulipoolewa nilimwambia kaka yangu, huyu roho yake nzuri ipo siku itaua mtu."

Tukacheka wote wawili. Ndivyo tulivyokuwa.

Kisha akaegemeza kichwa begani kwangu, akatulia. Nikafurahi amepata usingizi. Mtu aliye nyuma yangu alikuwa akiongea kwa sauti, nikamwomba apunguze, akapunguza. Nzi wakaja, nikawafukuza usoni kwake kwa ncha ya mtandio, taratibu, nisimwamshe. Bega likafa ganzi lakini sikulisogeza.

Muuguzi alikuja mbio akisukuma kiti cha magurudumu, anatabasamu. "Bibi, nimeipata. Twendeni." Alimgusa wifi shingoni. Tabasamu likaondoka.

Walimvusha mstari wawili wakimsukuma, mimi nyuma na kikapu. Nilimsikia karani akibonyeza. Daktari hakukaa naye dakika tano.

Karani alinipa kiti ndani ya ukumbi, kimojawapo cha vile arobaini na viwili. Kilikuwa na mto. Alidhani sijui kusoma, kwa hiyo alinisomea karatasi polepole, kidole chini ya kila neno.

"Muda wa kufika: saa saba na dakika kumi mchana. Hali alipofika: amefariki. Muda wa kusubiri: dakika sifuri."

"Tulifika saa moja na robo, mwanangu."

"Najua, mama. Niliwaona mkiingia getini."

"Basi andika."

"Kompyuta haina mahali pa nje ya mstari." Akatafuta neno la kunifariji, na uso wake ukaonyesha kwamba amelipata. "Lakini hakwenda bure, mama. Wastani wa leo ulikuwa umepanda vibaya. Sifuri yake imeushusha. Hawatatupunguza."

Nikasema asante. Mdomo ulisema wenyewe, kwa mazoea. Nikaweka sahihi pale aliponionyesha.

Wakaniambia niwasubiri ndugu wa kuja kuchukua mwili. Nikakunja sweta ya muuguzi, nikaiacha mezani kwa karani, nikatoka nje, maana ndani palikuwa na nafasi mno.

Barazani, pale tulipokuwa sisi, palikuwa na mwanamke wa makamo na mume wake. Mume ameshika kifua, anatania kwamba ni gesi tu. Mkononi ana kitambaa cha kijani.

"Shikamoo, mama," mwanamke alinisalimia. "Eti wanachelewa sana humu?"

Nikamshika mkono kwa nguvu. "Mvushe," nilimwambia. "Sasa hivi. Usimsalimie mtu, usimwonee mtu huruma. Mlaze sakafuni katikati ya ukumbi, upige kelele mpaka waje."

Aliniangalia jinsi anavyoangaliwa mfiwa. Akatazama ndani, ambako muuguzi alikuwa ameegemea ukuta, amefunika uso kwa mikono.

"Pole sana, mama yangu," alisema. "Lakini si unaona, wana kazi nyingi mno, na ni watu wema. Sisi tutangoja."

Mlinzi alikuwa amesimama. Kwenye kiti chake alikuwa amemkalisha mume wa yule mwanamke.