Noti za Juu

Mzee aliihisi piano kupitia soli za viatu, mbao za jukwaa zikitetemeka, akashangaa. Binti yake hakuwa na kawaida ya kupiga kwa nguvu. Miaka yote alikuwa amemsindikiza kwa mkono mwepesi, kwa kuwa baba mwenyewe ndiye aliyemfunza hivyo, tena kwa ukali: "Fidla ndiyo inayosema. Wewe msindikize msemaji, usimkate kauli."

Leo alikuwa akimkata kauli mbele ya ukumbi uliojaa pomoni.

Mzee aliendelea kuvuta upinde. Watu walikuwa wamekuja kumuaga; baadhi yao walimfahamu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, enzi alipobandikwa jina la Bwana Vidole. Vidole bado vilimtii. Masikio ndiyo yaliyokuwa yakimtoroka, yakianza na noti za juu, na hilo alikuwa amemficha kila mtu, hata daktari wake. Alipopanda juu kwenye uzi mwembamba alikutana na kimya kitupu, akaviachia vidole vikumbuke njia.

Aligeuka kidogo. Binti alikuwa ameinamia piano, midomo ameibana. Mzee alipopanda, piano ilivimba, aliposhuka, ilitulia. Akapanda tena makusudi. Ikavimba tena.

 Kumbe alikuwa akifunikwa, kama mgonjwa aliyelala vibaya anavyovutiwa shuka wageni wasione.

Ilibaki noti moja ndefu, ya juu kuliko zote, ile ambayo ukumbi mzima ulikuwa ukiisubiri. Aliinua upinde, kisha akaushusha. Binti akamtazama, akaelewa, akaumaliza wimbo peke yake, safari hii kwa upole kabisa. Watu wakasimama. Makofi aliyaona zaidi ya kuyasikia.

Kwenye chumba cha kuvalia, binti alimpokea koti.

"Umepiga vizuri, baba."

Binti hakuwahi kumsifu bila kutia "lakini" mwishoni.

"Tangu lini?" mzee aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Mwanangu."

Binti akaketi, koti mapajani. "Tangu mwaka jana. Niliogopa ukijua utaacha."

"Na watu je? Wamesikia?"

"Watu wanakupenda, baba."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Hilo si jibu la mwanamuziki."

Aliipakata fidla, akaanza kulegeza nyuzi, uzi baada ya uzi.

"Baba, unalegeza zote? Kijiti cha ndani kitaanguka!"

Ni kijiti chembamba kinachosimama tumboni mwa fidla, kati ya ubao wa juu na wa chini, kikishikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Kikianguka, fidla hupoteza sauti yake.

"Najua," mzee alisema.

Akalegeza uzi wa mwisho, akaweka sikio kwenye ubao, akaitikisa fidla taratibu. Hakusikia kitu. Alimwona tu binti yake akishtuka na kufumba macho, akajua kimeanguka.